Matangazo ya masafa mafupi yanapovurugwa makusudi: utajuaje, na utasikilizaje?

Mita31 ameandika:

Wakuu, salaam. Naomba wanaozijua redio za masafa mafupi wanisaidie. Kuna kituo cha nje kinaingia safi kabisa dakika chache kabla ya saa, hadi muziki wake wa utambulisho unausikia. Kipindi cha lugha ya nchi kikianza tu, mvumo kama wa jenereta unakifunika. Kipindi kikiisha, mvumo nao unakata. Lugha nyingine za kituo hichohicho haziguswi.

Maswali yangu:

1. Nitahakikishaje kwamba huu ni mvurugo wa serikali na si kelele za vifaa vya umeme?
2. Kwa nini jioni kituo hupenya kwa saa moja hivi, kisha kinazama tena?
3. Kuna antena ya kutengeneza nyumbani inayosaidia kweli, au ndiyo kuuziwa mbuzi kwenye gunia?

Redio ni ya mkononi, ina SSB (kusikiliza upande mmoja tu wa wimbi), antena ni ile ya kuvuta. Nawasilisha.

---

FundiKoili amejibu:

Mkuu, kelele inayoanza na kuisha pamoja na kipindi ni dalili nzito, ila usihukumu bado. Malalamiko mengi ya "wanatuvuruga" huishia kwenye chaja ya simu. Anza hivi.

Redio iwe kwenye betri, waya wa umeme uchomolewe. Zima swichi kuu ya nyumba nzima. Kelele ikipungua, adui yuko ndani: chaja, taa za LED, televisheni, inveta, kidhibiti chaji cha sola. Vifaa hivi hukatakata umeme makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde na kila mkato unatoa mawimbi yake. Isipopungua, toka nje utembee hatua thelathini mbali na nyaya na kuta, usikilize tena. Ikipungua huko, ni ya jirani.

Kisha pima upana. Sogeza masafa kHz 5 kwa 5, juu na chini. Chaneli ya utangazaji wa AM kwenye masafa mafupi ina upana wa kama kHz 10. Mvurugo wa makusudi hukaa juu ya chaneli hiyo, na ukisogea kHz 10 au 15 unakuwa umeuacha. Chaja haina adabu hiyo: inajaza bendi nzima, au inachomoza kila baada ya makumi kadhaa ya kHz kama meno ya kitana.

Halafu fungua KiwiSDR, zile redio za watu wengine unazozisikiliza kwa intaneti. Chagua moja iliyo karibu nawe na moja iliyo nchi nyingine, umbali wa kilomita elfu moja au zaidi. Mvumo uleule ukisikika huko kwenye masafa yaleyale na kwa dakika zilezile, chaja ya jirani haina hatia. Usiposikika huko lakini unasikika kwako hata nje ukiwa na betri, usiufute. Unaweza kuwa mvurugo wa ndani ya mji, na Sikio_la_Usiku ataueleza vizuri kuliko mimi.

Tahadhari moja: mluzi usiobadilika si lazima uwe hujuma. Vituo viwili halali vikigongana kwenye chaneli moja, kimoja kikiwa Hz 400 juu ya mwenzake, utasikia mluzi wa Hz 400. Angalia kwanza ratiba ya HFCC (mpango wa kimataifa wa masafa mafupi), ambayo hubadilika Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Wiki za mwanzo wa msimu migongano kama hiyo ni mingi.

---

Sikio_la_Usiku amejibu:

Nyongeza kwa Fundi: sauti yenyewe inasema mengi, kwa sababu kila serikali ina mtindo wake.

Umoja wa Kisovyeti ulianza kuvuruga matangazo ya Kirusi ya VOA (Sauti ya Amerika) mwaka 1948. Ulitumia kelele tupu pamoja na herufi mbili za msimbo wa Morse kutambulisha kila mtambo, ili wakaguzi wao wajue nani yuko kazini na nani kalala. Baadaye walitumia pia programu yao wenyewe ya Mayak, wakaiharibu sauti na kuirusha juu ya kituo cha watu. Walisimamisha kwa VOA mwaka 1963, wakarudi Agosti 1968 majeshi yalipoingia Czechoslovakia, wakaacha 1973, wakarudi tena Agosti 1980 Poland ilipochemka. VOA iliachiwa Mei 1987. Radio Liberty, kituo kingine cha Wamarekani kilichokuwa kimevurugwa tangu dakika zake za kwanza Machi 1953, kilisubiri hadi Novemba 1988.

China imetumia muziki wa jadi wa ngoma na matoazi, ambao wasikilizaji waliubatiza Firedrake. Siku hizi aghalabu utakutana na programu ya kwanza ya redio ya taifa, CNR1, ikiwa imerundikwa juu ya kituo kinacholengwa. Ukisikia Kichina chenye mwangwi, kana kwamba msomaji yuko ndani ya pipa, ni mitambo miwili au mitatu inayorusha programu moja bila kwenda sawia. Mgeni atadhani ni kituo cha kawaida kimepotea njia.

Korea Kaskazini inatoa mngurumo kama wa ndege ya jeti. Cuba imekuwa ikitoa mlio wa kubwabwaja juu ya Radio Martí, redio ya Marekani kwa Wacuba iliyoanza Mei 1985. Ethiopia ilitumia kelele nyeupe, ule mvumo wa "shaaaa" usio na mdundo, dhidi ya redio ya Dimtsi Hafash ya Eritrea kwenye bendi ya mita 41. Kelele hiyo ilimwagika hadi kHz 7100–7200, ambako ni eneo la redio za ridhaa, na waliokuwa wakiwasiliana huko waliumia bila kosa. Machi 2010 Waziri Mkuu Meles Zenawi alisema hadharani kwamba yuko tayari kuamuru VOA ya Kiamhari ivurugwe, akiifananisha na Radio Mille Collines, ile ya Rwanda iliyochochea mauaji ya kimbari. Zimbabwe nayo: SW Radio Africa iliyorusha kutoka Uingereza ilianza kuvurugwa mwaka 2005, wakati wa uchaguzi wa bunge.

Sasa swali lako la pili, na hapa ndipo penye siri yote. Mvurugo uko wa aina mbili na dawa zake ni tofauti.

Wimbi la ardhini. Mtambo mdogo uko ndani ya mji au pembezoni mwake, wimbi linatambaa juu ya ardhi. Kwenye masafa haya linakufa baada ya makumi machache ya kilomita. Wasovyeti waliizungushia miji mikubwa mitambo hiyo, ndiyo maana mtu wa Moscow alisikia mvumo mtupu, na akienda kwenye kijumba chake cha shamba anasikia habari.

Wimbi la angani. Mtambo mkubwa, wa kW 100 na kuendelea, uko mbali sana, na wimbi lake linadunda kwenye ionosfia kama linavyodunda la kituo chenyewe. Huu unafunika nchi nzima kwa mkupuo, lakini unategemea jua, na ndipo upenyo wako wa jioni unapotokea. Tuseme kituo kiko magharibi yako na mtambo wa kuvuruga uko mashariki. Jua linazama mashariki kwanza. Mahali wimbi la mvurugo linapodundia, katikati ya njia kati yake na wewe, ionosfia inaanza kudhoofika na haiwezi tena kurudisha masafa ya juu. Wimbi linatoboa na kwenda zake angani. Njia ya kutoka magharibi bado ina jua, kwa hiyo kituo kinaendelea kudunda vizuri. Unapata saa moja au mbili za neema. Kisha giza linafika na huko, kituo nacho kinafifia, na wote wanahamia masafa ya chini ambako mvurugo unawakuta tena. Alfajiri mambo hugeuka: anayefaidika ni msikilizaji ambaye kituo chake kiko mashariki.

Kwa hiyo, kituo kikitoa kipindi kimoja kwenye masafa matatu, wakati wa jua kali chukua ya juu kabisa unayoweza kuyasikia. Mchana kwenye bendi za masafa ya chini, mita 49 au 41, serikali inaweza kurusha wimbi karibu wima, likadunda na kumwagika kama mwavuli kwenye kilomita mia kadhaa kuzunguka mtambo. Mtambo mmoja wa nyumbani unatosha. Kwenye bendi za masafa ya juu, mita 19 au 16, ujanja huo kwa kawaida haufanyi kazi, kwani wimbi la wima linatoboa. Hapo mvurugaji anabaki na wimbi la ardhini linalofia karibu na wimbi la angani linaloangukia mbali. Kati ya viwili hivyo kuna eneo kubwa lisilofikiwa na chochote, na ukiishi humo umepona.

---

Kijana_wa_Antena amejibu:

Si aongeze tu waya wa mita 20 juu ya mti? Mawimbi mengi zaidi, kituo kitashinda.

---

FundiKoili amejibu:

Hapana mdogo wangu. Waya unaokota kituo na mvumo kwa pamoja. Kituo kikipanda mara kumi na mvumo unapanda mara kumi, na uwiano wao ndio sikio linaoupima. Zaidi ya hapo, redio ya mkononi ikiunganishwa waya wa mita 20 huelemewa: vituo vya bendi nyingine vinajitokeza mahali visipokuwepo, na unajiongezea mvurugo wa bure. Waya mrefu unasaidia pale tu ambapo tatizo ni kituo kuwa dhaifu. Hapa tatizo ni mwelekeo, na antena ya mwelekeo ni kitanzi.

Mita31, hii hapa ya kutengeneza:

Chukua bomba laini la shaba la milimita 10, urefu wa mita 3.14, ulikunje liwe duara la kipenyo cha mita 1. Acha mwanya wa sentimita 3 upande wa juu. Kwenye mwanya huo unganisha kapasita ya kuzungusha ya pF 365, ile ya redio za zamani yenye mabamba yanayoingiliana. Kwa vipimo hivi kitanzi kinashika kuanzia karibu MHz 5 hadi 18 hivi, yaani mita 49 hadi mita 16. Bomba likikosekana, waya mnene wa shaba juu ya msalaba wa mbao unafaa, ila masafa yatashuka kidogo, kama MHz 4 hadi 15.

Ndani ya duara kubwa, upande wa chini ulio mkabala na kapasita, weka kitanzi kidogo cha waya uliofunikwa, kipenyo sentimita 20. Hakigusani na kikubwa kwa shaba, kinakaa karibu tu. Ncha zake mbili ziende kwenye kebo ya koaksia hadi tundu la antena ya nje la redio. Kapasita ivishwe kijiti cha plastiki cha sentimita 15 au 20 cha kuzungushia. Ukiizungusha kwa mkono mtupu, mwili wako unaongeza pikofaradi zake, na ukiondoa mkono masafa yanahama.

Kutumia: tafuta masafa kwenye redio, zungusha kapasita polepole hadi kelele iruke ghafla juu. Mruko ni mwembamba, usipite haraka. Ukihamia masafa mengine hata ya bendi ileile, rudia. Sasa zungusha kitanzi kizima taratibu, sikio likiwa kwenye mvumo wala si kwenye kituo. Kuna pembe ya digrii chache tu ambapo mvumo unazama. Hapo uso wa duara, ule upande wa wazi unaoweza kupitisha mkono, unakuwa umeutazama mtambo wa kuvuruga. Kwa wimbi la ardhini kuzama huko kunafika dB 20 na zaidi, na hiyo ni tofauti ya kusikia "shaaaa" na kusikia taarifa ya habari.

Yanayoharibika:

Mvumo unapungua kidogo tu na hauzami. Mara nyingi ni kebo au antena ya kuvuta inayookota mawimbi yenyewe na kujaza shimo ulilochimba. Funga antena ya kuvuta kabisa, na izungushe kebo mara 8 hadi 10 kwenye pete ya feraiti karibu na redio.

Mvumo na kituo vinazama pamoja. Viko kwenye mstari mmoja kutoka ulipo. Kitanzi hakina la kufanya hapo.

Mvumo hauzami popote ingawa umeondoa makosa yote. Basi ni wimbi la angani. Linashuka kutoka juu na mkao wake unageukageuka kila sekunde, kwa hiyo shimo halitulii. Jaribu kukilaza kitanzi kidogo, ila usitegemee miujiza. Faida uliyopata ni jibu la swali lako la kwanza: umejua ni mvurugo wa aina gani. Rudi kwenye saa za jua alizoeleza Sikio.

---

Mita31 ameandika:

Shukrani wakuu, nimewaelewa. Na SSB inasaidia? Halafu kuna anayesema DRM ndiyo suluhisho.

---

Sikio_la_Usiku amejibu:

SSB inasaidia sana, kwa sharti moja: mvurugo usiwe umekaa katikati kabisa ya chaneli. Kituo cha AM kinatoa maneno yaleyale mara mbili, upande wa juu na upande wa chini wa wimbi lake kuu. Mtambo wa kuvuruga ukiwa umekosea kHz 1 au 2, upande mmoja unachafuka zaidi kuliko mwingine. Wewe unachukua ule msafi.

Tuseme kituo kiko kHz 9700. Weka 9700 kamili, washa LSB (upande wa chini). Utasikia mluzi wa wimbi kuu. Sogeza kwa hatua ndogo, Hz 10 kama redio inaruhusu, hadi mluzi ushuke, uwe mngurumo, kisha upotee. Hapo sauti ya msomaji inakuwa ya kawaida. Ukiwa umekosea Hz 50 maneno utayaelewa, ila kila mtu ataongea kama ana mafua. Chuja upana hadi kHz 2.5 au 3, kwani maneno ya binadamu yanaeleweka kati ya Hz 300 na 3000. Sikiliza nusu dakika, hamia USB (upande wa juu), linganisha. Redio yenye kitufe cha SYNC cha kuchagua upande inafanya haya yote peke yake, lakini mvumo ukiwa na nguvu SYNC hunasa wimbi la mvurugaji badala ya la kituo na kuanza kuyumba. Ikifika hapo, rudi SSB ya mkono.

Jambo linalosahauliwa: mvurugo mzito unaifanya redio ijipunguze usikivu yenyewe, na kituo kinafinywa pamoja nao. Sogeza swichi ya usikivu, DX/LOCAL, iende LOCAL, ongeza sauti ya spika badala yake. Inashangaza ni mara ngapi hilo pekee linatosha.

DRM kwa tatizo hili siipendekezi. Ni ya kidijitali: ama inasikika yote ama haisikiki kabisa. AM iliyovurugwa, sikio linaokota neno hapa na neno pale, na ubongo unajaza. DRM ikivurugwa kiasi hichohicho unapata ukimya. Kinachostahimili kuliko vyote ni maandishi yanayorushwa kama milio, kwa mtindo wa MFSK32. Kasi yake ni maneno kama 120 kwa dakika. Unaweka kompyuta mbele ya spika, programu kama Fldigi inasoma milio na kuandika kwenye kioo, hata pale ambapo sikio lingekata tamaa. VOA Radiogram ilifanya hivyo kuanzia 2013 hadi 2017, na kazi ikaendelea kwa jina la Shortwave Radiogram. Tatizo ni kwamba kituo chako nacho lazima kikubali kurusha hivyo.

---

Mpima_Mawimbi amejibu:

Nimechelewa, ila kuna upande haujaguswa: kujua mtambo uko wapi, na kushtaki.

KiwiSDR zina kipengele cha TDoA, yaani kulinganisha nyakati za wimbi kufika. Unachagua redio tatu hadi sita zenye GPS, zilizozunguka eneo unaloshuku badala ya kurundikana upande mmoja. Zinarekodi sekunde 30 kwa pamoja, kisha programu inalinganisha nani alisikia kwanza. Millisekunde moja ya tofauti ni kilomita 300. Kelele nyeupe, ambayo kwa sikio ni adhabu, kwa kazi hii ni zawadi, kwa sababu haijirudii na ulinganifu wake una kilele kimoja kikali. Mluzi mtupu haufai, vilele vyake ni vingi. Pia mitambo miwili ikivuruga chaneli moja ramani inatoka imepakaa rangi kila mahali. Pima siku tatu tofauti kabla ya kuamini nukta yoyote, maana kimo cha ionosfia peke yake kinaweza kukupotosha kwa makumi ya kilomita au zaidi.

Kisheria, Kanuni za Redio za ITU (shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa), kifungu 15.1, zinakataza kurusha mawimbi yasiyo ya lazima, ya kupotosha au yasiyojitambulisha. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lililaani mvurugo kwa azimio namba 424 la Desemba 1950. Lakini ITU haina polisi. Malalamiko hupita serikali kwa serikali, na inayovuruga hujibu kwamba haijui lolote.

Ripoti yako itafanya kazi haraka zaidi ikienda kwa kituo chenyewe, idara ya masafa na si ya vipindi. Wao ndio wanaoweza kuhama kHz 5, kuongeza masafa ya pili, au kubadili mtambo ili wimbi lije kutoka upande mwingine.

---

Mita31 ameandika:

Ripoti inaandikwaje ili wasiitupe?

---

Mpima_Mawimbi amejibu:

Saa za UTC (saa za kimataifa), si za nyumbani. Masafa hadi kHz moja. Mji ulipo, si anwani, hasa kama kusikiliza kwenyewe ni kosa huko. Aina ya redio na antena. Kisha SINPO, tarakimu tano kutoka 1 hadi 5: nguvu ya kituo, mwingiliano, kelele, hali ya njia, na jumla. Kwenye mwingiliano na kelele, 5 maana yake hakuna kabisa, 1 ni balaa. Wengi huigeuza na ripoti inasomeka kinyume. Andika mvurugo ulianza na kuisha dakika gani, na kama ulikifuata kituo kilipohama. Rekodi ya sekunde 60 inayoanza kabla ya mvumo kuingia ina thamani kuliko kurasa mbili za maelezo. Mstari mmoja unatosha, kwa mfano:

kHz 9700, UTC 1758–1831, SINPO 41431, kelele nyeupe kuanzia 1759 hadi 1830, upana kHz 12, LSB afadhali kuliko USB, kitanzi cha m 1 hakikuzamisha mvumo.